Kumpisha Mwenzako Huanza Nyumbani

Siku hizi ni vigumu kukuta kijiji kisicho na pikipiki. Hubeba mahindi kwenda mashineni, hubeba mama mjamzito kwenda zahanati, hubeba mwalimu, hubeba mikungu ya ndizi, hubeba hata mbuzi. Kijana aliyemaliza shule akakosa kazi hula kwayo, na baba aliyeuza kahawa au pamba yake huona fahari kuiegesha mlangoni. Basi, chombo hiki kimekuwa kama mtu wa nyumbani. Yafaa kitunzwe, na anayekiendesha yampasa kujua adabu ya njia.

Watu wengi huyagawa mambo hayo mawili. Husema: “Matengenezo ni kazi ya fundi, na sheria za barabarani ni kazi ya trafiki.” Sivyo. Ni jambo moja. Tuseme unatoka shambani kwa njia ya kijiji, nawe unakaribia lami. Sheria yakuambia umpishe anayepita barabara kuu. Vema, umekubali. Lakini utasimama kwa nini? Kwa breki. Na kama breki imekwisha tangu mwezi uliopita, kukubali kwako kwafaa nini? Kwa hiyo nasema, kumpisha mwenzako huanza nyumbani, pikipiki ikiwa imesimama, nawe una spana mkononi.

NJIA NI YA NANI?

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndivyo tulivyo njiani. Mwenye lori husema njia ni yake kwa kuwa ni mkubwa. Mwenye pikipiki husema ni yake kwa kuwa hupenya. Mwenda kwa miguu naye husema ni yake, maana alizaliwa hapo kabla ya lami. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1973 na kurekebishwa baadaye, haimpi mtu njia kwa ukubwa wa chombo chake wala kwa wepesi wake. Huonyesha nani apaswa kungoja. Basi wewe usiulize, “Nani anipishe mimi?” Uliza, “Mimi nimpishe nani?” Majibu yake ni haya:

1. Ukitoka njia ndogo, au uani, au kituo cha mafuta, au kijiweni, mpishe aliye katika barabara kubwa. Usichomoze gurudumu la mbele ili kumlazimisha akukwepe.

2. Ukiona alama ya pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha yake ikitazama chini, maana yake ni “pisha”. Ukiona alama nyekundu yenye pembe nane, simama kabisa, hata kama njia ni tupu. Magurudumu yasimame na mguu uguse chini, ndipo utazame.

3. Ukitaka kukata kulia, mpishe anayekuja mbele yako akienda moja kwa moja. Sisi twaendesha kushoto, na kwa kukata kulia wapita mbele ya njia yake. Tena, kabla ya kukata, tazama kioo, kisha geuza shingo utazame nyuma upande wa kulia. Huenda motokaa imekwisha kuanza kukupita.

4. Kwenye kipilefti, mpishe anayekuja kutoka kulia kwako, aliyekwisha kuingia katika mzunguko. Nafasi ikipatikana, ingia kwa kushoto, uzunguke kama mshale wa saa uendavyo.

5. Kwenye pundamilia, mpishe mwenda kwa miguu. Na kama gari limesimama mbele ya pundamilia, usilipite kamwe. Limesimama kwa ajili ya mtu usiyemwona wewe, pengine mtoto wa shule mfupi kuliko boneti.

6. Gari la wagonjwa, la zimamoto au la polisi likija na king'ora, sogea kushoto, simama, liende zake.

7. Askari wa trafiki akisimama njia panda, mfuate yeye. Mkono wake washinda taa na alama zote.

8. Kwenye njia panda isiyo na alama wala askari, kama zilivyo nyingi vijijini, usihesabu kwamba njia ni yako. Punguza mwendo, tazama kulia kwanza, maana atokaye huko ndiye utakayemkuta upesi zaidi, kisha tazama kushoto, na kulia tena.

9. Ng'ombe na mbuzi hawajui sheria yoyote. Mchungaji akivusha mifugo, ngoja. Ukipiga honi wanatawanyika, nao waweza kukurukia wewe.

Labda utasema: “Je, nikiwa katika barabara kuu, na mwenzangu anatoka njia ndogo, si haki yangu kupita?” Ndiyo, ni haki yako. Lakini ukiona hapunguzi, mwachie. Haki ya njia haina mfupa wala ngozi ya kukukinga. Mwenye haki na asiye na haki hulala wodi moja. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, hupokea wengi walioumia kwa pikipiki, na mfupa uliovunjika hauponi upesi kwa sababu mwenyewe alikuwa na haki.

HESABU YA KUSIMAMA

Sasa tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi, ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Macho yakiona mtoto anavuka, mkono na mguu huchukua sekunde moja hivi kuanza kubana breki. Mita 14 zimekwenda bure. Kisha breki nzima, juu ya lami kavu, hutaka mita 16 nyingine hivi. Jumla ni mita 30.

Ukiwa na mwendo wa kilomita 80, sekunde ile moja hula mita 22, na breki hutaka mita 40 na zaidi. Jumla yapita mita 60. Mwendo haukuongezeka hata mara mbili, lakini nafasi ya kusimama imekuwa mara mbili. Na hiyo ni kwa lami kavu, breki nzima, na mtu mmoja juu ya kiti. Juu ya changarawe, au matope ya masika, au ukiwa umebeba gunia, hutaka nafasi kubwa zaidi.

Kwa hiyo mwenye breki mbovu na mwendo mkali hawezi kumpisha mtu, hata akitaka. Tuangalie basi jinsi ya kuitengeneza pikipiki iweze kutii.

BREKI

Kwanza breki ya nyuma. Pikipiki nyingi za kijijini zina breki za ngoma, ambazo ndani yake zina viatu viwili vinavyobana. Bonyeza pedali kwa mkono. Yafaa ishuke sentimita 2 hadi 3 kabla ya kuanza kubana. Ikishuka zaidi, kaza nati iliyo mwishoni mwa fimbo ya breki, nyuma karibu na gurudumu. Kaza kidogo kidogo. Kisha simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, uzungushe gurudumu kwa mkono. Lazima lizunguke bila kukwaruza. Likikwaruza, umekaza mno. Breki itapata moto na kuungua njiani.

Penye ngoma ya breki, pikipiki nyingi zina mshale mdogo na alama. Bonyeza breki, kisha utazame. Mshale ukifika kwenye alama au kuipita, viatu vimekwisha. Hapo usikaze nati tena. Nunua viatu vipya, maana kuendelea kukaza ni kujidanganya.

Breki ya mbele waendeshaji wengi huiogopa, wakisema hupindua. Kweli hupindua, ukiibana kwa ghafula juu ya mchanga au ukiwa umeinama konani. Lakini juu ya lami kavu, pikipiki ikiwa imenyooka, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, maana ukipunguza mwendo uzito mwingi huja mbele. Bana zote mbili pamoja, kwanza pole, kisha kwa nguvu. Juu ya mchanga na matope, tegemea zaidi ya nyuma, na ushushe gia mapema.

Kama breki ya mbele ni ya sahani na mafuta, tazama kikopo chake kwenye usukani. Mafuta yakiwa chini ya alama, au mkono wa breki ukibonyea kama sponji, mpelekee fundi. Usimwagie humo oili ya injini wala maji.

Tena, acheni desturi ya kuzima injini mteremkoni ili kubana petroli. Injini ikiwa katika gia husaidia kuzuia mwendo. Ukiizima na kuachia, mzigo wote waziangukia breki, nazo zikipata moto hulegea. Petroli uliyookoa ni ya shilingi chache.

MATAIRI NA CHENI

Breki hubana gurudumu, lakini tairi ndilo linaloshika njia. Tairi lililokwisha meno huteleza juu ya lami yenye maji kama sabuni, hata breki ikiwa mpya. Pima upepo asubuhi, kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Kiasi chake kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na mara nyingi pia kwenye kibandiko karibu na cheni. Ng'oa miiba na mawe kila siku. Ukiziba pancha, usisahau kupitisha vidole polepole ndani ya tairi kabla ya kurudisha mpira. Mwiba ukibaki humo, utaziba tena kesho.

Cheni iliyolegea mno huruka, na ikiruka yaweza kujisokota na kulifunga gurudumu la nyuma katikati ya barabara. Iliyokazwa mno hukatika, hasa abiria akipanda na pikipiki ikibonyea. Zima injini, kisha inua cheni kwa kidole, katikati ya upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo yafaa icheze sentimita 2 hadi 3. Zungusha gurudumu upime mahali pengine pia, maana cheni nzee hukaza huku na kulegea kule.

Ukitaka kuikaza, legeza nati kubwa ya ekseli, kisha zungusha skrubu za pande mbili sawasawa. Kuna alama pande zote mbili; hesabu alama zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande na pikipiki itavuta. Kaza tena nati ya ekseli kwa nguvu. Halafu, na hapa wengi husahau, pima upya breki ya nyuma, kwa sababu umesogeza gurudumu, na fimbo ya breki imebadilika.

Paka cheni oili baada ya kuisafisha, lakini angalia tone lisiingie kwenye breki wala lisipake tairi. Na kamwe usisafishe cheni injini ikiwa inazunguka. Kidole hakina vipuri dukani.

TAA NA INDIKETA

Mwenzako hawezi kukupisha asipokuona, wala hawezi kujua unataka nini usipomwambia. Futa matope kwenye taa. Jaribu taa ya mbele, ya nyuma, na ile inayowaka unapobana breki; ijaribu kwa mkono na kwa mguu pia. Hata mchana ni vema kuwasha taa ya mbele, maana pikipiki ni nyembamba, na mwenye lori humezwa na vumbi asione kitu. Ukibeba mkaa au majani, usifunike taa ya nyuma.

Juu ya indiketa, kumbuka neno hili: indiketa ni ombi, si amri. Kuiwasha hakukupi ruhusa ya kukata. Kwamwarifu mwenzako tu. Ukishakata, izime. Indiketa iliyosahauliwa ni uongo mbaya njiani. Mwenzako aliye kwenye njia ndogo huona yawaka, hudhani wageuka, huingia, nanyi mnagongana, kila mmoja akijiona ana haki.

INJINI ISIZIME NJIA PANDA

Injini inayozima ovyo si usumbufu tu, ni hatari. Umepewa nafasi ya kuvuka, umeingia katikati, nayo yazima mbele ya basi. Ikianza tabia hiyo, tafuta kwa utaratibu, usifungue kila kitu. Petroli ipo? Koki imefunguliwa? Swichi ya kuzimia iko mahali pake? Kofia ya plagi imekaa sawa?

Kisha, injini ikiwa imepoa, fungua plagi uitazame. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, hali ni njema. Ikiwa na masizi makavu meusi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Mara nyingi chujio la hewa limeziba kwa vumbi. Ikiwa nyeusi yenye utelezi wa mafuta, oili yapita ndani ya silinda. Hiyo ni kazi ya fundi. Isugue kwa brashi, uirudishe kwa vidole kwanza, na spana ije mwishoni, usije ukaharibu meno yake.

Pima oili pikipiki ikiwa imesimama wima, na uibadilishe kwa kadiri ya kitabu, au mapema zaidi ikiwa yafanya kazi kutwa. Tumia oili ya pikipiki, maana katika pikipiki nyingi oili hiyo hiyo hulowesha klachi, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Oili chafu usiimwage karibu na kisima wala mtoni. Na kazi yoyote ya petroli ifanyike nje, mbali na jiko, koroboi na sigara.

MWENYE CHOMBO, MWENDESHAJI NA ABIRIA

Sasa nawageukia ninyi mlionunua pikipiki mkawapa vijana waendeshe. Kila jioni mwataka hesabu yenu. Ni haki yenu. Lakini kijana akija kusema, “Baba, viatu vya breki vimekwisha,” nawe ukamjibu, “Maliza wiki hii kwanza,” basi jua kwamba umeshiriki katika lile litakalotokea. Viatu vya breki ni miongoni mwa vipuri rahisi kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe huenda ukawa mguu wa mtoto wa jirani. Patana naye tangu mwanzo: fedha ya matengenezo itolewe kabla ya kugawana, nayo iwekwe mbali. Na hesabu isiwe kubwa hata imlazimishe kukimbia.

Ninyi vijana, abiria ni mmoja. Kupakia mishikaki, watu watatu au wanne, ni kinyume cha sheria, na breki uliyoitengeneza vizuri haikutengenezwa kwa uzito huo.

Nanyi kina mama na kina baba mpandao nyuma, mna sauti. Kabla ya kupanda, mwambieni abane breki mwone. Mwulizeni kofia ngumu ya pili iko wapi, mvae, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Uchunguzi wa mataifa mbalimbali ulipokusanywa pamoja ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya wapanda pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Akikimbia, mwambieni apunguze. Akikataa, shukeni. Kuchelewa kliniki ni afadhali kuliko kupelekwa humo kwa machela.

JE, AJALI HAINA KINGA?

Twapenda kusema hivyo baada ya mazishi. Ni neno la kuwafariji wafiwa, na kwa kazi hiyo ni jema. Lakini si neno la mwenye spana. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao ni wanafunzi wetu, na ndio hao hao vijana wetu wa kijiweni. Breki iliyokwisha, taa iliyokufa, kuchomoza ghafula kutoka njia ndogo, hayo yote yana kinga, nayo ni rahisi.

Basi, tengeni robo saa kila Jumamosi jioni. Breki mbili, matairi mawili, cheni, taa zote, honi, vioo, oili. Baba atazame, na kijana wa nyumbani ashike taa na kujifunza. Siku ya pili, watu watokapo kanisani na kujaa barabarani, wazee kwa watoto, mwendeshaji apunguze mwendo, asimame, awapungie mkono wapite. Chombo chake kitamtii.